Maji Machafu Yalipotakiwa Kupanda

Mashine ilisimama katikati ya kazi baada ya isha, kanzu nyeupe zikiwa zinaelea ndani. Kupitia kioo cha mlango niliona maji yamefika nusu, ya kijivu, na mkono wa kanzu moja umegandama kiooni. Taa ilikuwa ikiwaka na kuzimika. Nikazungusha swichi hadi kwenye alama ya kumwaga maji. Pampu ikanguruma kule chini, ikanguruma tena, kisha ikanyamaza. Maji hayakupungua hata upana wa kidole.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na tasbihi yake. Hakuuliza mashine imeharibika nini.

"Na mai haya yatatoka lini, mwanangu?"

Nimekaa na swali hilo tangu mwisho wa Ramadhani. Nimelala nalo, nimekwenda nalo sokoni, nimelipeleka kwa fundi wa mashine na kwa fundi bomba, na kila mmoja akanipa kipande cha jibu. Naandika leo kwa sababu vile vipande nimeviunganisha, na kwa sababu hapa Lamu, Mkomani, Langoni na hata Shela, nimeona mashine zilizofunikwa leso pembeni mwa choo tangu siku zilipokataa kumwaga maji. Wenyewe wamerudi kwenye karai. Huniuma kuziona.

## Nusu ya kufua

Kwa Mama, nguo huanza kutakata pale maji yanapoondoka. Hivyo ndivyo alivyotufundisha tukiwa wadogo, tumechuchumaa uani: nguo yenye najisi uitoe kwanza ile najisi yenyewe, kisha uimiminie maji safi juu yake, maji yapite yaende zake. Ukiitumbukiza kwenye beseni la maji machache, umeliharibu beseni zima. Nasi Mashafii tuliyasoma haya madrasani mapema sana. Maji yasiyofika qullatayn, ambayo hukadiriwa karibu lita 200, hunajisika kwa kuguswa tu na najisi, hata kama rangi na harufu yake haijageuka.

Sasa itazame mashine. Ile ya mlango wa mbele, ya kilo 7, hutumia kama lita 50 kwa ufuaji mzima, na haziingii zote kwa pamoja. Huvuta maji machache, ikafua, ikayamwaga; ikavuta mengine ya kusuuza, ikayamwaga; ikavuta tena. Usafi wake wote umesimama juu ya huko kumwaga. Ikishindwa kumwaga mara moja tu katikati, nguo zimebaki ndani ya maji yale yale yaliyozitoa uchafu, na ukamuaji hauanzi, kwa sababu mashine haikubali kuzungusha pipa kwa kasi likiwa na maji.

Ndiyo maana usiku ule Mama hakungoja asubuhi. Nguo zilipotoka tulizipandisha juu, pembeni mwa tangi, akazisuuza upya moja moja kwa kata, na umri wake umeshapita miaka sabini. "Haiyatwahirika hii," alikuwa akisema, yaani bado haijatakasika, anaiweka kando, anachukua nyingine. Kanzu ya Idi ya mpwa wangu ilikuwa miongoni mwa hizo.

Mashine ile ilinunuliwa ili asiiname tena juu ya karai.

## Kijimlango cha chini

Mahali pa kwanza pa kutazama panajulikana. Mashine nyingi za mlango wa mbele zina kijimlango chini, pembeni, na ndani yake kuna chujio la pampu lenye kichwa cha kuzungusha. Mara nyingi kando yake kuna kijimpira chembamba cha dharura, cha kutolea maji pampu inapogoma. Unazima, unachomoa waya kwenye soketi, na kama ulikuwa unafua kwa maji ya moto unayaacha yapoe. Unalaza sinia chini yake, unavuta kijimpira, unatoa kizibo. Sinia hujaa upesi kuliko unavyotarajia. Unaziba, unamwaga, unarudi. Kazi ya subira, na matambara yawe karibu.

Maji yalipokwisha nililizungusha chujio kushoto, taratibu, likatoka na mnuko mzito wa sabuni iliyochacha. Nikaliweka kwenye karatasi chini ya taa. Kulikuwa na pini ya mtandio iliyopinda. Kulikuwa na kifungo cha kanzu, na uzi wa leso uliojisokota mpaka umekuwa kamba. Na juu ya vyote hivyo mchanga, ule mweupe laini wa Shela ambao watoto hurudi nao kwenye mifuko na mikunjo ya nguo, umeshikamana na sabuni ukawa tope la kijivu, umejaa kila jino la chujio. Nililichokoa kwa kijiti cha meno mpaka plastiki ikaonekana rangi yake.

Nyuma ya chujio, ukimulika tochi, utaiona feni ndogo ya pampu. Isukume kwa kidole. Itakataa kidogo, kisha itaruka, itakataa tena, itaruka tena. Wengi wakifika hapo husema imekwama, nao huiharibu kwa kuilazimisha. Haijakwama: ndani ya pampu kuna sumaku, na ndiyo inayoishika na kuiachia. Cha kutia shaka ni ile isiyozunguka kabisa, au inayozunguka laini bila kushikwa na chochote.

Yetu iliruka vizuri.

Asubuhi yake mashine ikamwaga maji yote, ikakamua, ikamaliza. Nilipumua. Nikamwambia Mama tatizo lilikuwa mchanga.

Siku chache baadaye, usiku, ikagoma tena. Nikafungua kijimlango. Chujio lilikuwa safi.

## Pampu yahukumiwa

Fundi aliyekuja ni kijana hodari, mtengenezaji wa friji na feni hapa mtaani, na simlaumu kwa lolote. Aliilaza mashine kwenye godoro kuukuu, akaweka sikio, akapima pampu kwa mita. Waya zake zilikuwa nzima. Akakipuliza kile kijimpira chembamba kinachotoka kwenye pipa kwenda juu, ambacho kwa hewa iliyobanwa ndani yake mashine hujua maji yamefika wapi. Kikiziba kwa sabuni, mashine hudanganyika kuhusu maji yake yenyewe. Kilikuwa wazi.

"Dada, pampu yazunguka, lakini imechoka. Tuagize nyingine Mombasa."

Ingekuja kwa basi mpaka Mokowe, kisha kwa boti. Bei haikuwa ya kutisha, lakini si pesa ya kubahatisha pia.

Na sababu za kumwamini zilikuwepo. Maji yetu ni magumu. Tunayavuta kwenye mchanga wa vilima vya Shela na kwenye visima vya mji huu wa matumbawe, na kila mwenye birika la chai anaujua ule ukoko mweupe unaobaki chini. Ukoko huo hushika kwenye feni ya pampu na ndani ya mpira wa kutolea maji, ukapunguza njia. Kisha ipo sabuni. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu jingi, na pampu hii kazi yake ni kusukuma maji. Ikijaa povu huzungusha hewa tu, hainyanyui kitu. Tulikuwa tumekwisha kupunguza sabuni na kununua ile ya mashine. Mambo yalipata nafuu kidogo, lakini usiku ikawa vile vile.

Hilo neno *usiku* ndilo lililonizuia kutoa pesa.

Nilimuuliza, "Fundi, kama imechoka, mbona asubuhi haichoki?"

Alikaa kimya muda mrefu, ameshika bisibisi. Fundi mwingine angenijibu haraka ili auze pampu. Yeye alisema, "Labda ni umeme. Nitarudi baada ya isha nipime."

Akarudi kweli.

## Mchana na usiku

Pampu ya kumwagia maji ni kitu kidogo mno. Huvuta kama wati 30, wakati hita ya mashine hiyo hiyo huvuta wati 2,000 hivi. Sumaku yake hufuata mdundo wa umeme wenyewe. Kwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, huzunguka mara 3,000 kwa dakika mambo yakiwa sawa. Umeme ukishuka nguvu, feni ya dari hupunguza mwendo pole pole na bado inakupepea. Pampu hii haina mwendo wa katikati. Nguvu yake ya kujizungusha hupungua, na mzigo ukiwa mkubwa kuliko nguvu hiyo, hupoteza mdundo, ikabaki inatetemeka pale pale. Mngurumo niliousikia usiku ule ndio huo.

Mita ya fundi ilisoma chini ya volti 210 kwenye soketi ya choo, mahali panapotakiwa kuwa 240. Kila nyumba ilikuwa imewasha feni, taa, friji, pasi ya kanzu za tarawehe. Mchana namba ilipanda.

Kwa hiyo tulikuwa na maelezo mapya, na pendekezo jipya la kununua: stabilaiza. Nililala nikilifikiria. Kitu hakikuniingia akilini. Mjini hapa umeme wa usiku ni mmoja, na jirani yetu ana mashine ndogo kuliko yetu, anafua usiku, na yake inamwaga.

Mzigo ukiwa mkubwa kuliko nguvu. Mzigo gani? Pampu haina mzigo mwingine zaidi ya maji. Na kwa pampu uzito wa maji ni kimo chake: inayanyanyua mpaka wapi.

Alfajiri niliingia chooni kule ghorofani nikautazama mpira wa kutolea maji, nadhani kwa mara ya kwanza tangu ufungwe hapo. Unatoka nyuma ya mashine, unapanda ukutani, unapanda, unapita kizingiti cha dirisha, ndipo unashuka nje kwenye bomba.

Haukuwa hivyo tangu mwanzo. Vuli iliyopita dari ya chumba cha chini ilianza kutoa unyevu. Tukamwita fundi bomba, akakuta tundu la maji sakafuni limevuja kandokando. Katika nyumba ya mawe jambo hilo halingojwi. Sakafu ya juu imelala juu ya boriti za mikoko, mawe na chokaa juu yake, mzigo mzito. Boriti ikinyweshwa kutoka juu kwa muda mrefu huoza ndani huku nje ikiwa inang'aa. Fundi bomba akaliziba tundu lile, akauunga mpira, akaupitisha dirishani. Aliokoa dari. Alifanya alichoitiwa, na alikifanya vizuri.

Mashine ikaendelea kufanya kazi, kwa sababu siku hizo tulikuwa tunafua mchana. Ikaja Ramadhani, ufuaji ukahamia usiku. Mchanga ukawa umejaa kwenye chujio, ukoko umekaa kwenye mpira, umeme wa usiku umeshuka, na maji yanatakiwa kuvuka dirisha. Kila jambo moja peke yake lingevumilika. Nilikuwa na wazo, lakini sikuwa na ushahidi.

## Kwenye ndoo

Nilitaka kuona kwa macho yangu. Usiku wake tuliutoa mpira dirishani, mpwa wangu akashika ndoo, nikaweka maji safi ndani ya mashine kupitia droo ya sabuni, bila nguo. Nikashika ncha ya mpira kwa mkono mmoja, nikaiweka mashine kwenye kumwaga.

Kwanza nilishusha ncha mpaka magotini. Maji yalitoka kabla hata ya pampu kunguruma, yanajivuta yenyewe. Hilo nalo ni tatizo kwa upande wake: mpira ukilazwa chini sakafuni, mashine hujaza huku inavuja, hujaza huku inavuja, na bili ya maji hupanda bila nguo kufuliwa.

Nikainyanyua hadi kiunoni. Yakatoka kwa nguvu, yakagonga upande wa ndoo mpaka mpwa wangu akarudi nyuma. Hiyo ndiyo pampu iliyochoka. Tuliyarudisha maji kwenye droo tukarudia, nikaipandisha kifuani. Yakawa membamba, yanakatika na kurudi. Tukayarudisha tena, nikanyoosha mkono juu ya kizingiti cha dirisha, mahali mpira ulipokuwa siku zote.

Hakuna kilichotoka. Niliuinamisha mdomo wa mpira usoni pangu nikachungulia. Maji yalikuwa ndani, chini kidogo ya mdomo, yanatetemeka. Hayapandi wala hayashuki. Na chini pampu inanguruma mngurumo ule ule.

Mpwa wangu akazima. Maji yote yaliyokuwa kwenye mpira yakashuka kwa kishindo, yakarudi ndani ya mashine.

Pale nilimkumbuka Mama. Tangu vuli alikuwa akisema nguo za mashine zina harufu, hata siku ambazo mashine imemaliza kazi bila kugoma. Sikuwa na la kumjibu. Nguo zilikuwa zimekamuliwa, taa ya kumaliza imewaka. Kumbe kila pampu iliponyamaza, maji machafu yaliyobaki kwenye mpira ule mrefu, zaidi ya nusu lita, yalikuwa yanarudi chini ya pipa na kukaa hapo mpaka siku ya pili. Pua yake ilikuwa imeyaona kabla ya mita ya fundi.

Nikachukua utepe wa kushonea nikapima. Kutoka sakafuni mpaka kizingiti cha dirisha ni zaidi ya sentimita 140. Vitabu vya mashine nyingi vinataka ncha ya mpira iwe kati ya sentimita 60 na 100.

## Ncha mbili za mpira

Nimefikiri sana kuhusu tofauti hiyo ya sentimita 40, kwa sababu haikuwa kosa la mtu yeyote aliyepita kwenye choo chetu.

Nyumba zetu zilijengwa na watu walioyajua maji. Choo kimewekwa juu ya choo, ukuta wake umegusa kichochoro, sakafu imeinamishwa kidogo ambacho huoni mpaka umwage maji. Maji safi tunayapandisha. Hilo tumelizoea, zamani kwa ndoo na mabega ya watu, sasa kwa pampu na tangi. Maji machafu hayajapata kupandishwa katika nyumba hizi. Yanaachiwa yashuke kwa uzito wake, sakafuni, kwenye shimo au mtaroni, na mitaro inafuata vichochoro vinavyoteremka mpaka pwani. Maji hufuata mkondo, na mji mzima umepangwa kwa kulikubali hilo.

Mashine ya kufulia ndiyo kitu cha kwanza kuingia nyumbani kinachoyanyanyua maji machafu. Inayanyanyua kidogo tu, mita moja, na imetengenezwa kwa nyumba ambayo bomba la kupokea limewekwa kwenye kimo hicho tangu siku ya ujenzi. Ikifika kwetu inakuta dirisha.

Na hapo ndipo mafundi wanapoachana. Fundi wa mashine anaijua mashine mpaka mahali mpira unapotoka mgongoni mwake. Fundi bomba anayajua maji kuanzia yanapoingia kwenye bomba. Mpira wenyewe, ule wa kijivu wenye mikunjo, uko katikati yao na hauna mwenyewe. Mmoja akiulizwa atasema pampu. Mwingine atasema mfereji uko wazi, na wote wawili watakuwa wamesema walichokiona. Aliyetuuzia mashine hakuuliza tunakaa ghorofa ya ngapi. Mahamali walioipandisha ngazi waliuliza, kwa sababu mzigo ulikuwa mabegani mwao.

Ningependa wauzaji waulize. Ni swali moja tu: bomba lako la maji machafu liko juu kiasi gani kutoka sakafuni? Lingeokoa pampu nyingi zinazong'olewa zikiwa nzima, na akina mama wengi wasingerudi kwenye karai.

## Tulivyofanya

Tulikuwa na njia tatu, na mbili zilikataliwa upesi. Kutoboa ukuta chini ya dirisha sikutaka hata kuzungumzia. Mji wa Kale umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na hata bila ya hiyo, ukuta wa matumbawe uliosimama miaka yote hiyo huutoboi kwa ajili ya mpira. Kuinua mashine juu ya jukwaa kungepunguza kimo, kwa hesabu ni sawa. Lakini mashine hizi zina vipande vya zege ndani ili zisirukeruke, uzito wake hufika kilo 60 na zaidi, na wakati wa kukamua hutikisa sakafu nzima. Juu ya boriti, sikuthubutu.

Tukaishusha chini. Choo cha chini kiko juu ya ardhi, hakuna dari ya kuogopea, na maji ya tangi yanafika huko kwa nguvu zaidi.

Siku ya kuifunga niliwaomba mafundi wote wawili waje kwa wakati mmoja. Walifika baada ya alasiri, wakasalimiana kwa uzito kidogo. Fundi bomba alitaka kuuingiza mpira ndani kabisa ya bomba na kuuzungushia tepu, maji yasirudi wala harufu isitoke. Fundi wa mashine akakataa: bomba likizibwa namna hiyo hewa haina pa kupita, na mpira ukizama mno maji yatajivuta yenyewe kama kwenye ndoo. Wakabishana. Mama aliwaletea kahawa na kashata, akakaa nao barazani, naye akauliza swali lake: maji yakishatoka, yatakwenda wapi? Maana povu la mtaroni jirani wa upande wa pwani alikwisha kulilalamikia, na ana haki. Fundi bomba akasema yataingizwa shimoni, si mtaroni. Gharama ikaongezeka kidogo. Tukakubali.

Walichokubaliana ni bomba la milimita 50, limesimama wima, mpira umeninginizwa kwa ndoano yake juu, mdomo wake ndani kidogo tu, na nafasi ya hewa pande zote. Chini kuna kiwiko kinachobaki na maji, ndicho kinachozuia harufu.

Pampu ya Mombasa haikuagizwa. Stabilaiza nayo bado, ingawa fundi amenishauri niinunue kwa ajili ya kinga ya friji, na huenda nitamsikiliza. Tunafua usiku na mchana. Kwa kila ufuaji Mama anaongeza suuzo moja, na nguo yenye najisi bado huipitisha kwanza kwenye kata kabla haijaingia mashineni. Hilo sitamwambia aache, na sidhani kama nataka aache.

Nguo hazina tena ile harufu.

Kwa mwenye mashine inayonguruma bila kumwaga: safisha chujio, punguza sabuni, angalia mpira haujakunjika nyuma ya mashine ilipoegemezwa ukutani. Kisha, kabla hujaagiza chochote, utoe mpira kwenye bomba la nyumba, ushike ncha yake kiunoni juu ya ndoo, uwashe kumwaga. Yakitoka kwa nguvu, pampu yako iwache ilivyo, uyafuate maji yanakokwenda. Yasipotoka hata kiunoni, mpigie fundi wa mashine, na umwambie umeshapima kwa ndoo, ili aanzie hapo. Na kama wameshakuja mafundi wawili kwa siku mbili tofauti, waite tena, waje kwa wakati mmoja.